Namna ya kubadilisha mpira wa maji matamu uliopita chini ya sitaha ya boti

Katika boti nyingi za uvuvi zinazotia nanga Mtwapa, Kilifi, Watamu na Shimoni, katika pwani ya Kenya, tangi la maji matamu huwekwa nyuma, upande wa tezi, ilhali sinki na pampu yake viko mbele, katika chumba cha omo. Mpira unaoviunganisha viwili hivyo hupita chini ya sitaha, ukaambaa ubavuni mwa tangi la mafuta, ukapenya kwenye viambaza viwili au vitatu, yaani kuta za ndani za boti, kisha ukatokea nyuma ya kabati ambamo mkono wa mtu mzima hauingii hata kufika kiwiko. Mjenzi aliupitisha mpira huo kabla sitaha haijafunikwa, wakati kila kitu kilikuwa wazi mbele ya macho yake, na hakumfikiria mtu atakayekuja kuubadilisha miaka kumi na mitano baadaye. Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya mtu huyo. Mfano nitakaoufuata ni boti ya faiba ya futi 33 yenye injini ya dizeli katikati, tangi la maji la lita 200 na pampu ya umeme ya volti 12, lakini kazi haibadiliki sana boti ikiwa ndogo zaidi au ikiwa na injini za nje.

Wakati mzuri wa kazi hii katika pwani yetu ni miezi ya kusi, Mei hadi Julai, ambapo boti nyingi za uvuvi huwa zimepandishwa pwani na hakuna mteja anayesubiri. Kazi yenyewe, ikitayarishwa vizuri, humalizika kwa siku moja, na sehemu kubwa ya siku hiyo huishia kwenye matayarisho, kwa sababu kuuvuta mpira mpya hadi utokee upande wa pili hakuchukui hata nusu saa.

Kuhakikisha kwamba mpira ndio mbovu

Usianze kufungua mbao za sakafu kabla hujajua kwamba kosa liko kwenye mpira uliofichika. Pampu ya maji ya boti ina swichi inayohisi presha: bomba likifunguliwa presha hushuka na pampu huwaka, na bomba likifungwa presha hupanda na pampu huzima. Kwa hiyo pampu inayonguruma kwa sekunde moja kila baada ya dakika chache, ilhali hakuna aliyefungua bomba, inakuambia kwamba presha inatoroka mahali fulani baada ya pampu, au kwamba vali ya ndani ya pampu yenyewe imechakaa na maji yanarudi nyuma. Ikiwa pampu haizimi kabisa na bomba linatema hewa na maji kwa kupokezana, ingawa tangi limejaa, basi hewa inaingia kabla ya pampu, kwenye upande wa kunyonya. Upande huu huwapotosha watu wengi, kwa kuwa tundu dogo kwenye mpira wa kunyonya linaweza kuingiza hewa bila kudondosha hata tone la maji, na mwenye boti akitazama ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya boti ambako maji hukusanyika, na kuiona kavu, huamini kwamba mipira yake ni mizima na kwenda kununua pampu mpya.

Maji yakionekana kwenye ngama, njia rahisi ya kujua yanakotoka ni kutia rangi kidogo ya chakula ndani ya tangi na kusubiri. Maji ya ngama yakigeuka rangi, chanzo ni mfumo wa maji matamu. Yasipogeuka, tafuta kwingine, kuanzia kwenye kizibo cha shimo la usukani. Kisha kaza klipu zote unazoweza kuzifikia na upanguse kila kiungio kwa karatasi laini ya chooni, ambayo huonyesha unyevu ambao kidole hakiuhisi.

Jaribio linalokata shauri ni hili. Fungua ncha mbili za mpira uliofichika, ile ya kwenye tangi na ile ya kwenye pampu, kisha unganisha tangi na pampu kwa mpira wa muda unaoupitisha juu ya sitaha, mbele ya macho yako. Washa pampu. Ikifanya kazi ipasavyo na kunyamaza bomba linapofungwa, mpira wa chini ndio mwenye hatia. Ikiendelea na ugonjwa wake, umejiokoa na siku nzima ya kutambaa kwa magoti.

Kuchagua mpira mpya

Pima vipenyo viwili, cha ndani na cha nje. Cha ndani kinapaswa kulingana na kiungio, na mara nyingi huwa milimita 13, yaani nusu inchi, upande wa presha, na milimita 13 au 19 upande wa kunyonya. Cha nje ndicho kinachoamua kama mpira mpya utapita kwenye matundu ya viambaza ambayo ule wa zamani ulipita. Mipira miwili yenye kipenyo kimoja cha ndani inaweza kutofautiana kwa milimita 3 au 4 kwa nje, kutegemea unene wa ukuta wake, na tofauti hiyo ndogo ndiyo itakayoukwamisha mpira mahali ambapo hakuna mkono unaofika.

Mpira huo uwe ni wa maji ya kunywa, na jambo hilo liwe limeandikwa ubavuni mwake. Alama NSF 61, kwa mfano, huonyesha kwamba umepimwa kwa kazi hiyo. Mpira wa kumwagilia bustani huyapa maji ladha ya plastiki unapopata joto, na haukutengenezwa kwa maji ya kunywa. Mpira wa mafuta haufai hata kama ni imara. Epuka pia mpira unaopitisha mwanga, kwa sababu ukungu wa kijani huota ndani yake popote mwanga unapofika. Upande wa kunyonya unahitaji mpira wenye ukuta mnene au wenye waya uliojikunja ndani yake, kwa kuwa mpira laini, ukipashwa moto na injini huku pampu ikivuta, hujibana kuta zake na kuziba. Ikiwa boti ina tangi la maji ya moto linalopashwa na injini, mpira wa upande huo uwe umeidhinishwa kwa joto la nyuzi 90 au zaidi, maana maji hayo yanaweza kukaribia joto la maji ya kupoza injini yenyewe.

Nunua mpira mmoja mrefu, usio na kiungio katikati, kwa kupima njia yake kwa kamba juu ya sitaha na kuongeza mita moja na nusu. Mtu anayeunga vipande viwili na kukificha kiungio chini ya sitaha amejitengenezea kazi ileile kwa mara ya pili. Baadhi ya mafundi hupendelea bomba gumu la plastiki la milimita 15 lenye viungio vya kusukuma, na ni kweli kwamba bomba hilo husukumika kwa urahisi katika njia iliyonyooka. Lakini kwenye kona kali halipindi bila kuvunjika shingo, na njia nilizokutana nazo mimi mara chache huwa zimenyooka. Klipu ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, pamoja na parafujo yake. Jaribu parafujo hiyo kwa sumaku dukani, kwani mara nyingi mkanda huwa mzuri na parafujo ikawa ya chuma cha kawaida, nayo ndiyo itakayooza kwanza kwa chumvi.

Kabla ya kukata chochote

Zima umeme wa pampu ya maji na uondoe waya za betri za injini, lakini kama boti iko majini, iache pampu ya ngama na umeme wake. Iache injini ipoe kabisa. Ikiwa boti yako inatumia petroli, fungua vifuniko vyote na uache upepo upite kwa muda mrefu kabla ya kuingiza mkono au taa yoyote. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hulala kwenye ngama, na kifaa cha umeme cha kupuliza hewa ya moto, ambacho wengine hukitumia kulainisha mipira, kisikaribie hapo kamwe. Toa maji tangini hadi yawe chini ya mahali mpira unapotokea.

Sasa uchunguze mpira wa zamani kwa subira. Simu ya mkononi ni chombo kizuri kuliko vyote hapa: iwashe taa, ianze kurekodi video, iingize ndani ya uwazi ambao kichwa chako hakiingii, izungushe polepole, kisha kaa kivulini uangalie picha. Unatafuta mambo matatu, nayo ni matundu ambayo mpira unapitia, vitu vikali au vya moto vilivyo karibu nao, na, zaidi ya yote, vifungo vinavyoushikilia. Mwambie mwenzako avute ncha ya mbele kwa upole huku wewe umeishika ile ya nyuma. Ukiuhisi mpira unateleza sentimita kadhaa kila upande, uko huru na utavutika wote. Usiposogea kabisa, umefungwa mahali, na kuulazimisha kutaukata au kung'oa waya za umeme zilizofungwa pamoja nao.

Mikanda ya plastiki unayoiona lakini huifikii inaweza kukatwa kwa wembe wa ndoano uliofungwa kwenye ufito, mradi umeona waziwazi kwamba hakuna waya wala mpira wa mafuta nyuma yake. Kifungo kisichofikika kwa njia yoyote kinahitaji mlango. Tundu la mviringo la milimita 100 hadi 150, lililokatwa kwenye kiambaza au kwenye sakafu ya ndani na kuzibwa kwa kifuniko cha plastiki cha kuzungusha, si aibu kwa boti. Ni huduma kwa kila atakayekuja nyuma yako. Usikate juu ya tangi, usikate taruma, yaani mbavu za boti, wala boriti, na utoboe kwanza kijitundu chembamba ili uone kilicho chini. Faiba yenye ubao laini katikati yake ni lazima ipakwe epoksi kingo zote za tundu, la sivyo maji yataingia na ubao huo utaoza kimyakimya.

Hapa niseme kosa langu mwenyewe. Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii nilikata ncha zote mbili, nikauvuta mpira wa zamani kwa nguvu na kuutupa kwenye gati, nikifurahi kwamba umetoka wote bila kukatika. Ni baada ya kuushika mpira mpya mkononi ndipo nilipotambua kwamba nimekitupa kitu pekee kilichokuwa kinaijua njia. Nilitumia siku mbili kuutafuta upenyo ambao ule wa zamani ulikuwa umeukalia. Tangu hapo sheria yangu ni moja: mpira wa zamani hautolewi kabla ncha yake haijafungiwa kitu.

Kuvuta

Kuna namna mbili. Ya kwanza ni kuufunga mpira mpya moja kwa moja nyuma ya ule wa zamani, ili unapotoka mmoja mwingine uingie. Ya pili ni kufunga kigwe cha nailoni nyuma ya ule wa zamani, kukiacha kigwe ndani, kisha kukitumia kuvuta mpira mpya. Namna ya kwanza ni ya haraka. Ya pili ni salama zaidi mahali penye kona nyingi, kwa sababu kigwe hakikwami kwa unene na unaweza kukirudisha nyuma utakavyo. Mimi huziunganisha: hufunga mpira mpya pamoja na kigwe cha pembeni, ili muungano ukiachana njiani, kigwe kibaki.

Muungano wenyewe unastahili uangalifu wote ulio nao. Chonga kijiti cha mbao ngumu chenye urefu wa sentimita 10 na unene unaoingia kwa shida ndani ya mipira yote miwili. Nusu moja iingie kwenye mpira wa zamani na nusu nyingine kwenye mpya, hadi ncha zigusane. Toboa kila mpira pamoja na kijiti kwa msumari mwembamba, upitishe uzi imara wa kushonea tanga au wa nyavu, na uufunge bila kuacha fundo kubwa nje. Kisha zungushia tepu ya umeme kuanzia kwenye mpira wa zamani kuelekea kwenye mpya, ukiifanya laini isiyo na ukingo wowote. Klipu za chuma hazifai hapa kwa kuwa zitanasa kwenye tundu la kwanza. Pamoja na kuunganisha, kijiti kinaziba mdomo wa mpira mpya, usizoe uchafu wa ngama. Kabla ya kuanza, vuta muungano huo kwa nguvu zote mkiwa wawili juu ya sitaha. Ukiachana, heri uachane hapo.

Mpira mpya uliotoka dukani umezoea duara la dukani na utajikunja ndani ya boti. Utandaze juani kwa saa moja na utanyooka wenyewe. Upake sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, usitumie grisi wala oili, na kila mmoja akae kwenye ncha yake. Anayesukuma ndiye mwenye kazi kubwa, na anayevuta hufuata tu. Mkivuta bila kusukuma, mpira hukazana kwenye kona na kunyonyoka. Kubalianeni maneno mafupi ya kuitana, kwani chini ya sitaha sauti hupotea na neno «haya» linaweza kusikika kama «ngoja». Mpira ukikwama, rudisheni nyuma sentimita 20, uzungusheni robo duara, jaribuni tena. Mara nyingi ni ukingo wa tepu tu uliokutana na ukingo wa tundu.

Mpira wa zamani ukikatika ndani na kigwe kimepotea, tumia ule waya bapa wa chuma ambao mafundi wa umeme huupitisha kwenye mabomba ya ukutani, ukienda kiambaza kwa kiambaza badala ya kujaribu safari nzima kwa mara moja.

Na ikiwa mpira wa zamani umefunikwa kwa faiba au umebanwa chini ya tangi la mafuta, uache mahali ulipo. Ukate ncha, uzibe, na uutafutie mpira mpya njia nyingine, kwa mfano juu, nyuma ya mbao za pembeni chini ya ukingo wa boti. Wako watakaouona uamuzi huu kama uvivu, lakini mimi nauona bora kuliko kunyanyua tangi la mafuta kwa sababu ya mpira wa nusu inchi. Angalizo ni moja, kwamba kadiri mpira wa kunyonya unavyopandishwa juu kabla ya kufika kwenye pampu, ndivyo pampu inavyohangaika kuvuta.

Kufunga ncha na kujaribu

Vipande vya mpira wa zamani vilivyobaki kwenye viungio visivutwe kwa nguvu, kwani viungio vingi ni vya plastiki na huvunjika. Vipasue kwa urefu kwa kisu, bila kugusa meno ya kiungio chini yake, kwa maana mkwaruzo mmoja unaovuka meno hayo utavuja daima. Ncha ya mpira mpya ikate iwe sawa kabisa, itumbukize kwenye maji ya moto ya chupa ya chai kwa nusu dakika, kisha isukume hadi mwisho wa kiungio. Klipu moja iliyokaa sawasawa juu ya meno inatosha. Ukizibana mbili kwenye kiungio kifupi, ya pili huishia nje ya kiungio na kuukata mpira kidogokidogo.

Kila tundu la kiambaza livishwe kipande cha mpira mwingine uliopasuliwa, ili mpira wa maji usisuguliwe na ukingo wa faiba wakati injini inatetemeka. Pale unapofika, ufunge kila baada ya nusu mita hivi, bila kuukaba, na uuweke mbali na bomba la moshi.

Jaza tangi kidogo, fungua bomba lililo mbali zaidi, washa pampu na usubiri hewa iishe. Funga bomba. Pampu inapaswa kunyamaza na kubaki kimya. Iache ikiwa imewashwa usiku kucha, na mtu akilala ndani ya boti ataisikia ikiguna hata mara moja. Pangusa viungio tena kwa karatasi asubuhi.

Baada ya hapo safisha mfumo kwa dawa ya klorini isiyo na manukato. Dawa yenye nguvu ya asilimia 5 hutiwa mililita 1 kwa kila lita ya maji, na yenye asilimia 3.5 hutiwa takriban mililita 1.4, hivyo tangi la lita 200 litachukua mililita 200 au 280. Fungua kila bomba hadi harufu ya klorini isikike, acha kwa saa nne au zaidi, umwage yote, na usuuze kwa maji safi mara mbili au hadi harufu iishe. Katika muda huo mtu yeyote asinywe maji ya boti, na andiko la kuonya libandikwe kwenye sinki.

Baada ya wiki mbili za kusafiri rudi na bisibisi, kwani mpira mpya hulainika kidogo chini ya klipu, na utakuta kila klipu inakubali nusu mzunguko zaidi. Kile kigwe cha pembeni usikitoe. Kifunge ncha zake mahali panapoonekana, moja kwenye tangi na moja nyuma ya kabati, ukiandika kwenye tepu neno «maji» na mwaka, ili mpira huu utakapochakaa, aliye na kazi aanzie hapo.